Je, Wajua Kwamba Mabano Haya Ni Programu?

Kompyuta hiyo ililetwa kwangu mtaani Buyenzi ikiwa imefungwa ndani ya kitenge, kama mtoto mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Ilikuwa mali ya shule moja ya sekondari hapa Bujumbura, mashine kuukuu iliyotoka Ulaya ikiwa imeshatumika, ikawekewa Linux na kufanywa seva ndogo. Ndani yake mlikuwa na vitabu, mitihani ya miaka iliyopita na kamusi, na wanafunzi walivisoma kwa simu zao bila kununua hata megabaiti moja. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Ukiiwasha inaamka vizuri, inafanya kazi dakika mbili, tatu, wakati mwingine nne, halafu inajizima. Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili akauza chaja mpya. Wa tatu akatoa hukumu kwamba bodi kuu imekufa.

"Fundi," aliniambia mwalimu aliyeileta, "wamesema ni ya kutupa. Lakini haina moto wala harufu ya kuungua. Roho yangu inakataa."

Roho yake ilisema kweli. Nilitoa diski, nikaifungua kwenye mashine yangu, na ndani nikakuta mistari minne iliyoandikwa na kijana mmoja wa shuleni pale, aliyekuwa amechoshwa na umeme unaokatika ghafla na kuharibu faili. Nia yake ilikuwa njema: kila baada ya dakika 5 mashine ijiulize kama umeme wa ukutani upo, na ikiwa haupo, ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

umeme=$(cat /sys/class/power_supply/AC/online)
if [ $umeme=0 ]; then
poweroff
fi

Linux huandika hali ya chaja katika faili hiyo ya online: 1 maana yake umeme upo, 0 haupo. Kwa jicho la mtu, mstari wa pili unasema "kama umeme ni sawa na 0". Kompyuta haikuusoma hivyo. Iliusoma kuwa amri ya kujizima kila dakika 5, umeme uwepo usiwepo. Nilibonyeza kitufe cha nafasi mara mbili, mara moja kabla ya alama ya sawasawa na mara moja baada yake, nikarudisha diski mahali pake. Mashine haijajizima tena. Betri ya zamani haikuwa na kosa, chaja haikuwa na kosa, bodi ilikuwa nzima. Mashine ilikuwa inatii.

Karibu kila kijana anayejifunza Linux mjini hapa huniambia neno lile lile: kwamba nafasi ndani ya skripti, yaani faili ya amri kama ile, ni adabu ya uandishi, kama kuacha ukingo kwenye daftari. Wengine wametoka kwenye Python au C, ambako a==5 na a == 5 ni kitu kimoja, kwa hiyo wanashangaa sheli, programu inayosoma amri tunazoandika, ina ukali wa nini. Wanadhani ni ukali usio na sababu. Hilo ndilo ninalotaka kuliondoa leo, kwa sababu sababu ipo, na ni nzuri. Alama hii, [, si alama ya uandishi. Ni programu.

Chukua kompyuta yoyote ya Debian au Ubuntu, orodhesha yaliyomo katika /usr/bin, nawe utaikuta imekaa humo pamoja na wenzake cp, ls na grep. Ina jina la herufi moja na ina ukurasa wa maelezo. Inaitwa kwa jina, inapewa maneno ya kuyafanyia kazi, inajibu. Ile ] ya mwisho ni mojawapo ya maneno inayopewa. Haifanyi hesabu yoyote. Inadaiwa tu ili jicho la binadamu lione mabano yaliyofunguliwa na kufungwa. Sheli ya Bash ina nakala yake ya ndani ya programu hii ili iende haraka, lakini tabia ni ile ile.

Ukikubali hilo, nusu ya makosa hujieleza yenyewe. Ukiandika [$umeme bila nafasi, hukuiita programu ya [. Umeita programu inayoitwa [1, ambayo haipo, ndiyo maana mashine zetu, ambazo nyingi huzungumza Kifaransa, hujibu "commande introuvable". Hakuna mtu anayeandika lsvitabu akitegemea ls imsikie. Ukiandika 0] kwa kubananisha, ile ] imemezwa na sifuri, imekuwa sehemu ya neno jingine, na programu inalalamika kwamba mabano hayakufungwa ilhali wewe unayaona yamefungwa. Na ukiweka nafasi mahali pasipotakiwa, kwa mfano umeme = 1 unapotaka kutunza namba, sheli inatafuta programu yenye jina la umeme ili iipe maneno mawili, = na 1. Kanuni ni moja kote: neno la kwanza ni la anayeitwa, yanayofuata ni ya kumpa, na nafasi ndiyo mpaka.

Asili yake ni ya kale kwa umri wa kompyuta. Mwaka 1971 Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, aliandika sheli ya kwanza ya Unix, na katika sheli ile hata if ilikuwa programu ya pembeni. Mwaka 1979 Unix toleo la 7 ilikuja na sheli mpya ya Stephen Bourne. Bourne aliiingiza if ndani ya sheli yenyewe, lakini hakuifundisha kulinganisha. Hiyo if inajua jambo moja tu: endesha amri, kisha tazama namba iliyoachwa na amri hiyo. Sifuri ni ndiyo. Namba nyingine yoyote ni hapana. Kazi ya kulinganisha iliachiwa programu inayoitwa test, na test ikapewa jina la pili, [, ili skripti zisomeke vizuri. Brian Fox alipoandika Bash mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, mabano hayo yalikuwa yameshakuwa urithi.

Sasa nifike kwenye kile ninachokipenda zaidi katika kitu hiki. Programu ya [ haiuoni mstari wako. Haijawahi kuuona. Sheli ndiyo inayousoma, inaukata kila palipo na nafasi, inabadilisha $umeme kwa thamani yake, kisha inampa [ maneno moja moja, kama mtu anayekabidhi matofali. Naye [, kabla ya kufikiri lolote, anahesabu: nimepewa mangapi? Ile ] ya mwisho haimo katika hesabu.

Hana neno? Jibu ni hapana. Ana moja? Anauliza swali moja tu: je, neno hili lina chochote ndani, au ni tupu? Likiwa na chochote, jibu ni ndiyo. Ana mawili? Basi la kwanza lazima liwe swali linalojulikana, kwa mfano -f, yaani "je, faili hii ipo?" Ana matatu? Hapo ndipo analitazama la katikati, na likiwa alama ya kulinganisha, analinganisha la kushoto na la kulia. Hesabu hii imeandikwa katika POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, na sheli zote zinazoheshimika zinaifuata.

Rudi kwenye mstari wa yule kijana. Siku ambayo umeme upo, $umeme inageuka 1, na kwa kuwa hakuna nafasi, kinachomfikia [ ni 1=0. Sisi tunaona mlingano wa uongo. Yeye anaona neno moja lenye herufi tatu. Si tupu, kwa hiyo jibu ni ndiyo. Umeme ukikatika neno linakuwa 0=0, si tupu, ndiyo. Ungeandika [ uongo ] angejibu ndiyo, maana "uongo" ni neno lenye kitu ndani. Kulinganisha hakukufanyika hata mara moja. Ukiweka nafasi mbili, maneno yanakuwa matatu, 1 na = na 0, na kwa mara ya kwanza mashine inauliza swali lililokusudiwa.

Kosa la kubana mabano hupiga kelele, unaliona, unalirekebisha. Kosa la kubana alama ya sawasawa halisemi kitu. Skripti inaendeshwa, hakuna ujumbe wa hitilafu, na kila mara jibu ni ndiyo. Ndiyo maana mafundi watatu walishika bisibisi badala ya kusoma.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini tunasisitiza alama za nukuu. Tuseme faili ya chaja imesomeka tupu. Ukiwa umeandika [ $umeme = 0 ], thamani tupu inayeyuka, maneno yanabaki mawili, = na 0, na [ haelewi swali gani hilo linaloitwa =. Anatoa hitilafu, anaacha namba 2, na if, isiyojua tofauti kati ya "hapana" na "sikuelewa", inachukulia kuwa ni hapana. Ukiandika "$umeme" ndani ya nukuu, neno hubaki hata likiwa tupu. Ni kama kiti kilichowekewa kitambaa: mwenyewe hajafika, lakini hesabu ya viti haibadiliki.

Alama za kubwa na ndogo nazo zina hatari yake. Katika sheli, > maana yake ni "mwaga matokeo ndani ya faili", na < ni "soma kutoka kwenye faili", na sheli huzishughulikia kabla [ hajaitwa. Anayeandika [ $chaji > 20 ] hakulinganisha chochote. Ametengeneza faili tupu inayoitwa 20, na kama ilikuwepo faili ya jina hilo, amefuta yaliyomo. Anayeandika [ $chaji < 20 ] atapata ndiyo siku zote ikiwa faili ya 20 ipo, na hapana siku zote ikiwa haipo. Nimeshafungua folda za wanafunzi nikakuta faili tupu za 5, 20 na 100 zimetapakaa, na kwa faili hizo peke yake nikajua somo walilolikosa. Kwa namba tumia -lt kwa ndogo, -gt kwa kubwa, -eq kwa sawa. Zina herufi kwa sababu alama zilishakuwa na kazi nyingine.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuona jambo hili kuwa geni. Andika "wanawake wamefika", kisha uandike "wana wake wamefika". Herufi hazikuongezeka wala kupungua, lakini katika sentensi ya kwanza wamefika akina mama, na katika ya pili wamefika watoto wa mtu fulani. "Hapana" ni kukataa. "Hapa na" ni kuonyesha mahali. Tunajua tangu shule ya msingi kwamba nafasi kati ya maneno ina maana kama ilivyo herufi. Sheli inaendelea na kanuni ileile, isipokuwa haina huruma ya kubahatisha ulichokusudia.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine ambao vitabu vya Kiingereza haviutaji, nao ni kibodi na desturi za Kifaransa. Kwenye kibodi ya AZERTY ya Ufaransa, [ hupatikana kwa kushika AltGr na kubonyeza kitufe cha 5, kwenye ile ya Ubelgiji iko mahali pengine kabisa, na kibodi zote mbili tunazo mjini. Kidole kikichelewa kuachia kitufe cha pembeni wakati unabonyeza nafasi, kwenye Mac, na kwenye baadhi ya mipangilio ya Linux, inatoka nafasi ya namna nyingine: nafasi isiyokatika, ile inayotumiwa na wachapaji ili maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari. Kwenye kioo inafanana na nafasi ya kawaida kama pacha. Kwa sheli ni herufi kama herufi nyingine, baiti mbili, C2 na A0, na haikati neno.

Word nayo, ikiwa imewekwa kwa Kifaransa, huongeza yenyewe nafasi hiyo isiyokatika kabla ya nukta mkato, nukta pacha na alama ya kuuliza, kwa sababu ndivyo Kifaransa kinavyochapwa. Tazama mahali hilo linapoangukia: ]; then. Nafasi hiyo inaingia kati ya ] na ;, inanatana na ], na ] si ] tena. Nukuu nazo zinageuzwa kuwa « ». Nimeona makaratasi ya mafunzo yaliyochapwa hivyo, yakatolewa fotokopi, yakagawiwa kwa miaka. Mwanafunzi anakopi mfano wa mwalimu kutoka kwenye faili herufi kwa herufi, haufanyi kazi, na anajiona mjinga. Anayefundisha sheli aandike mifano yake katika kihariri cha maandishi matupu, basi. Na anayeshuku faili yake aendeshe cat -A: nafasi ya kweli itabaki wazi, ile ya bandia itajitokeza kama M-BM-. Amri hiyo hiyo humfichua mgeni mwingine, ^M, anayeachwa mwishoni mwa kila mstari na Notepad ya Windows na kung'ang'ania ].

Asidhani mtu kwamba ni makosa ya wanaoanza. Mwaka 2011 mradi wa Bumblebee, programu ya kompyuta mpakato zenye kadi mbili za picha, ulitoa skripti ya usakinishaji iliyokuwa na nafasi moja ya ziada. Mstari ulitakiwa kufuta folda moja ndogo iliyo ndani ya /usr/lib. Nafasi ikaingia baada ya /usr, njia moja ikakatwa kuwa maneno mawili, na amri ya kufuta ikaanza na /usr nzima, mahali zinapokaa karibu programu zote za Linux. Kwetu shuleni nafasi zilipungua mbili. Kwao ilizidi moja.

Nina uchungu na jambo moja. Mji huu unatupa mashine nzima. Kila inayojizima huambiwa bodi imekufa, hukatwa vipuri, na mabaki yake, yenye risasi na madini mengine mazito, huishia kwenye mitaro, na mitaro ya Bujumbura inaelekea Ntahangwa, Muha na Kanyosha, na mito hiyo inaingia Tanganyika. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu inatoka katika ziwa hilo hilo. Tunachokitupa kwa kutosoma mistari minne kinaturudia kwenye bilauri zetu. Buyenzi ina mafundi wanaoweza kurudisha uhai kwenye injini ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa; watu wenye mikono hiyo hawashindwi kusoma skripti. Kinachokosekana ni kuwaeleza kwa lugha wanayoongea gereji. Masomo mengi ya Linux yaliyopo ni ya Kifaransa na Kiingereza, na hata hayo mara nyingi yanasema "weka nafasi" bila kusema kwa nini. Kanuni isiyo na sababu husahaulika kabla ya Ijumaa.

Kuna pia chombo cha bure, shellcheck, kilichomo katika hazina za Debian na Ubuntu. Kinasoma skripti bila kuiendesha na kuonyesha kidole: hapa pamekosa nafasi, hapa pana nafasi isiyokatika, hapa pamekosa nukuu. Kikishawekwa hakihitaji intaneti. Hakuna sababu ya seva yoyote ya shule au zahanati kuendesha skripti ambayo haijapita mbele yake.

Na mabano haya yanafanya kazi mahali pengi kuliko mtu anavyodhani. Kuangalia kama flashi imechomekwa kabla ya kunakili: [ -d ]. Kama faili ya malipo ya mwezi ipo: [ -f ]. Kama mtu ameacha jina tupu: [ -z ]. Diski imekaribia kujaa, kwa -gt. Huduma zinapowashwa mashine ikiamka, ndani ya ruta za Wi-Fi zinazotumia OpenWrt, ndani ya simu za Android, kwenye seva za benki, kwenye nakala rudufu za usiku, kwenye kusakinisha programu. Wapo watakaokuambia utumie [[ ]] iliyotoka kwenye sheli ya David Korn. Ni nzuri, ina usalama zaidi, lakini haiko katika kila sheli, na nafasi inazidai vilevile.

Yule kijana wa shule alikuja mwenyewe kuichukua mashine, uso umeinama. Sikumpa hotuba. Nilimwambia ausome mstari kwa sauti, kama tulivyosoma madrasani tukitaja kila herufi pamoja na irabu yake, na nafasi nayo aitaje kwa jina. Akasoma: "Mabano fungua, nafasi, umeme, nafasi, sawasawa, nafasi, sifuri, nafasi, mabano funga." Alipomaliza alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema, "Nafasi ni nne. Mimi niliweka mbili." Nikamfungia mashine yake kwenye kitenge, akaenda nayo shuleni.